Ofisi ya kuandaa nyaraka za safari, Posta, Dar es Salaam: ukaguzi makini, mihuri pungufu

Kwa muda wa wiki tano kabla ya kuondoka kwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili, nilitumia huduma ya ofisi moja ndogo iliyoko Posta, Dar es Salaam, inayokagua na kupanga nyaraka za watu wanaohamia nje ya nchi. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina lalamiko ambalo nimekwisha kulifikisha kwa mwenye ofisi. Naandika kwa sababu wengi wanaojiandaa kwa safari kama yangu huiwazia viza tu, ilhali mimi nilikaribia kukwamishwa na herufi moja.

Cheti changu cha kuzaliwa kutoka RITA na kitambulisho cha NIDA vinaniita Mwanaisha, na pasipoti, niliyoilipia shilingi 150,000, ikafuata hivyo hivyo. Cheti cha kidato cha nne cha NECTA kinaniita Mwanaasha. Nimeishi na tofauti hiyo miaka yote bila kuulizwa na mtu. Kijana aliyenihudumia alizitandaza nyaraka zote mezani, akaweka rula chini ya jina katika kila karatasi na kulisoma herufi kwa herufi, kisha kidole chake kikasimama kwenye cheti cha NECTA: "Dada, hapa kuna a mbili. Huyu ni wewe au ni ndugu yako?" Hakuwa anatania, ndivyo ambavyo angeuliza karani yeyote wa chuo cha ugenini asiyeyazoea majina yetu. Siku hiyo hiyo alinielekeza kwa wakili, nikala kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na hati ya kiapo ikawekwa mbele ya vyeti vya shule ndani ya faili, ili anayefungua akutane na maelezo kabla ya kukutana na tofauti yenyewe. Kwa kazi hii peke yake, ada yao ya ukaguzi ya shilingi 40,000 naiona ya haki.

Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa na shida nyingine. Mama alikitia laminesheni nilipokuwa darasa la kwanza, kwa nia njema ya kukikinga na maji, na karatasi iliyofunikwa hivyo haipokei muhuri. Nilitaka kuibandua plastiki nyumbani, wakanizuia kwa sababu wino hung'oka nayo, wakanisaidia kuomba cheti kipya RITA. Wazazi wanaotunza vyeti vya watoto, nawaomba sana waviweke kwenye bahasha ya plastiki na kuishia hapo.

Kuhusu fedha za kujikimu, wakala wa kwanza niliyemwendea mahali pengine alinitajia euro 11,208 kwa mwaka. Ofisi hii ndiyo iliyonieleza kwamba tangu Septemba 2024 mwanafunzi anatakiwa kuonyesha euro 11,904, yaani 992 kwa kila mwezi, katika akaunti maalumu inayoachia fedha mwezi hadi mwezi. Pengo la euro 696 si dogo kwa familia iliyokwisha kuuza kiwanja, na ningeligundua nikiwa nimechelewa.

Sasa lalamiko. Transkripti yangu ya chuo, yaani orodha ya masomo na alama zangu, ina kurasa tatu, na nakala zilizorudi kutoka kwa wakili aliyezithibitisha zilikuwa zimepigwa muhuri na kutiwa saini kwenye ukurasa wa kwanza tu, kurasa nyingine mbili zikiwa zimebanwa kwa pini bila alama yoyote ya kuonyesha kuwa ni sehemu ya waraka uleule. Niligundua usiku, nikiwa nahesabu karatasi kitandani, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya miadi ya ubalozini. Ofisi inayosoma majina kwa rula haikupaswa kuniacha niondoke na nakala za namna hiyo. Asubuhi walikiri kosa, wakazirudisha kwa wakili bila kunitoza, na saa saba mchana nilikuwa nazo, seti mbili kamili. Hata hivyo bei ya nakala zilizothibitishwa haikuwa imebandikwa popote, na nililazimika kuiuliza mara tatu ndipo nipewe risiti yenye mchanganuo.

Mdogo wangu anaanza maandalizi yake mwakani, nami nimemwelekeza huko huko, aende na nyaraka halisi zote na ageuze kila ukurasa kutazama muhuri akiwa bado amesimama kaunta.