Begi la kutembea na uzito: lipi ununue, lipi uliache dukani

Begi langu la kwanza la kutembea na uzito, yaani zoezi la kutembea ukiwa umebeba mzigo mgongoni kwa makusudi, nililichagua kwa sababu ya sponji. Mikanda yake ilikuwa minene kama godoro la mtoto, mgongo wake laini, na nilipolijaribu dukani likiwa tupu nikajiona nimepata. Siku ya tatu, nikiwa na bamba la chuma la kilo 10 ndani, nilirudi nyumbani ngozi ya kiunoni imechubuka. Bamba lilishuka hadi chini kabisa ya begi na kwa kila hatua likanigonga palepale, juu kidogo ya makalio. Sponji haikuwa na kosa. Begi halikuwa na kitu chochote cha kulishika bamba lisicheze.

Tangu siku hiyo kila begi nalipima kwa swali moja: uzito unakaa wapi, na ukishakaa unatulia? Mahali pake ni juu, usawa wa mifupa bapa ya mabega, ukiwa umebana mgongo. Ukisogea nyuma hata kiganja kimoja tu, unalazimika kuinama mbele ili usivutwe, na adhabu inaiangukia shingo.

Ila usikimbilie dukani. Kwa wiki mbili za mwanzo tumia begi lolote imara ulilonalo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa nne za lita moja na nusu zinakupa kilo 6, na ukichoka njiani unamwaga. Zijaze hadi shingoni. Chupa yenye hewa inacheza. Zifunge kwa taulo na uweke nguo chini yake ili zipande juu. Anza na takriban asilimia 10 ya uzito wa mwili wako: mwenye kilo 70 abebe kilo 7, na humo uhesabu begi lenyewe, maana mabegi magumu ya kazi hii hukaribia kilo 2 yakiwa matupu. Kama baada ya wiki mbili bado unatoka kutembea, sasa nunua.

Nafasi ya kwanza nayapa mabegi yaliyoshonwa kwa ajili ya mabamba. Alama yake ni mfuko wa ndani, upande wa mgongoni, ulioinuliwa juu ili bamba lisifike chini. Linalojulikana zaidi ni Rucker la GORUCK ya Marekani, linalopatikana kwa ukubwa wa lita 20 na 25 na lina mfuko wa namna hiyo. Kitambaa kinachosifiwa ni nailoni ya daraja la 1000D. Namba hiyo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo ikipanda, uzi ni mnene. Unene huo una kasoro yake: begi jipya ni gumu kama ubao, na kitambaa chake kinaweza kuukwaruza mgongo kama umevaa fulana nyepesi. Kasoro nyingine ni bei, na bamba mara nyingi huuzwa peke yake, kama ulivyo mkanda wa kiunoni. Mabamba ya Kimarekani hupimwa kwa ratili: 10 ni kilo 4.5, 20 ni kilo 9, 30 ni kilo 13.6 na 45 ni kilo 20.4. Vipimo vya kampuni moja si vya nyingine, kwa hiyo pima mfuko kwa rula kabla ya kuagiza bamba la kampuni tofauti.

Ya pili ni mabegi ya wapanda milima, ya lita 20 hadi 30, na kwa mtu mwenye mabega dhaifu ningeyapandisha hadi ya kwanza. Sababu ni mkanda wa kiunoni. Ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, sio tumboni, mzigo unahama kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga na miguu. Kwenye kilo 8 huenda usiuone umuhimu wake. Ukipita kilo 15 utauona. Mikanda ya mabegani ikibana peke yake kwa muda mrefu inaweza kukandamiza mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi, na vidole vikaanza kufa ganzi. Majeshini tatizo hili linajulikana tangu zamani. Ukisikia ganzi, vua begi hapohapo, usingoje kumaliza njia. Faida nyingine ni saizi: Talon 22 la kampuni ya Osprey, kwa mfano, hutengenezwa kwa migongo mifupi na mirefu, na lina mwenzake la kike, Tempest. Jambo la kukwepa ni yale yenye wavu uliotanuliwa mgongoni ili hewa ipite. Kwa mpanda mlima ni raha. Kwako wewe wavu ule unausukuma uzito nyuma, kule kule tusikotaka uende.

Mabegi ya mtindo wa kijeshi, yenye vitanzi vya utepe nje, nayaweka ya tatu. Yanadumu. RUSH12 la kampuni iitwayo 5.11 lina lita 24, RUSH24 lina 37, na hapa dogo ndilo bora, kwani katika begi kubwa mzigo mdogo unatangatanga. Mengi hayana mfuko wa bamba, lakini yana mfuko wa kuwekea kiriba cha maji ya kunywa, uliolala mgongoni, na bamba jembamba linaweza kutulia humo ukilizungushia taulo. Jihadhari na bidhaa za kuiga: kwa nje ni ndugu pacha, ndani uzi ni wa kushonea shati. Geuza begi, tazama mkanda wa bega unapoungana na mgongo. Unataka kuona mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, sio mstari mmoja.

Begi la kompyuta mpakato ni la nne, na wengi hulidharau bure. Mfuko wa kompyuta uko mgongoni kabisa na mara nyingi chini yake haugusi sakafu ya begi, ndiyo sehemu tunayoitafuta. Mpaka kilo 8 linatosha. Zaidi ya hapo, mishono itakujibu.

Mwisho kabisa ni lile begi la bei poa lenye mchanga ulioshonewa ndani. Huwezi kupunguza, huwezi kuongeza, na mchanga hushuka chini kila siku.

Ukienda kujaribu, nenda na uzito wako mwenyewe, kwa sababu begi tupu halisemi kitu. Minya sponji ya mkanda kwa kidole gumba na cha shahada. Vikikutana kirahisi, sponji hiyo itakufa mapema. Afadhali mkanda mgumu wenye upana wa vidole vinne. Kaza mikanda mpaka begi likae juu, funga mkanda wa kifuani chini ya mitulinga bila kubana pumzi, kisha ruka mara tatu papo hapo. Watu watakutazama, waache. Ukitua na mzigo ukatua baada yako, rudisha begi kwenye ndoano. Mkitua pamoja, zunguka nalo duka zima dakika kumi, ukiinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ndipo uulize bei.