Ramani za zamani za Maktaba ya Taifa ya Scotland: nyota tano, ila fungua kwenye kompyuta

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza Glasgow, wenzangu wa kazini waliniambia Jumamosi tunakwenda Ben Venue. Hilo neno la pili nimelizoea kwenye kadi za harusi, nikajua ni ukumbi wa bwana mmoja anaitwa Ben. Nikatokea na viatu vya ngozi na koti la kutokea. Kumbe ni mlima, mita 729, matope mwanzo mwisho.

Jina lake la Kigaeli, lugha ya asili ya milima ya Scotland, ni A' Bheinn Mheanbh, yaani mlima mdogo. "Venue" ni sikio la mgeni tu. Kuanzia hapo nikawa mteja wa kudumu wa tovuti ya ramani ya maktaba hii.

Kuiangalia ni bure. Unachagua ramani ya zamani, inalala juu ya picha ya setilaiti, kisha unasogeza kitufe: mlima wa leo unafifia, wa karne ya 19 unajitokeza. Utamkuta Timothy Pont, mchora ramani aliyezunguka nchi mwishoni mwa miaka ya 1500, na kazi yake ikaja kutumika Amsterdam kwenye atlasi ya mchapishaji Blaeu ya 1654. Hebu pima safari ya jina hapo: kinywa cha Mgaeli, kalamu ya Pont, mpaka kwa Mholanzi anayechonga bamba la kuchapia. Ipo pia ramani ya kijeshi ya William Roy, ya 1747 hadi 1755, iliyofuata kuzimwa kwa uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza. Milima imepakwa kivuli kwa brashi, inapendeza kuliko picha nyingi za ukutani. Majina sasa, ndiyo kila mtu na alivyosikia.

Utamu wenyewe uko kwenye vitabu vya majina vya wapimaji wa Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, wa karne ya 19, ambavyo navyo vimewekwa mtandaoni. Kila jina lina safu ya tahajia zilizopatikana, na pembeni safu ya watu waliozithibitisha. Mwenye ardhi yumo, mwalimu yumo, mchungaji wa kanisa yumo. Mchungaji wa kondoo, ambaye mlima ndio ofisi yake, neno lake lilikuwa na uzito mdogo.

Sisi hili la sarufi tunalielewa haraka. Kigaeli hubadilisha kichwa cha neno, kama sisi na refu, mrefu, ndefu. Mòr ni kubwa. Ikifuata beinn, mlima, inakuwa mhòr, na hiyo mh hutamkwa v. Lakini Beinn Mhòr ikaandikwa Ben More, v imemezwa, huku Beinn Mhùrlaig ikawa Ben Vorlich, v imebaki. Sarufi ile ile, masikio mbalimbali.

Kuna na mengine hayakuwa kosa la sikio. Kule kwenye milima ya Cairngorms kuna Bod an Deamhain, mniwie radhi, uume wa shetani. Kwenye ramani ni The Devil's Point, ncha ya shetani. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria aliuliza maana yake na mtumishi wake John Brown akaona haya kumjibu. Sijui ni ya kweli, lakini ningekuwa mimi Brown, ningeona haya vilevile.

Kwenye simu, maandishi ya karne ya 19 yanakuwa kama sisimizi, kwa hiyo tumia skrini kubwa. Niliwahi kulipia programu moja ya simu ya wapanda milima, jina silitaji, nikakuta alama za juu ya herufi zimefutwa zote, sgùrr, yaani kilele chenye ncha, haina tofauti na kosa la kuchapa. Pesa yangu hiyo nimeisamehe.

Kipande cha Ben Venue nimekichapisha, kiko kwenye mlango wa friji. Viatu vya ngozi havikupona.