Boila haikuwa na kosa: maoni yangu kuhusu huduma ya kutafuta maji yanayovuja

Nyota nne kati ya tano. Nasema mapema kwa sababu wengi husoma hapo tu, na wengine wenu pengine sakafu inalowa sasa hivi.

Huduma yenyewe ni ya kutafuta maji yanayovuja pasipoonekana: ndani ya ukuta, chini ya vigae, kwenye zege. Hawauzi wala hawatengenezi boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji ya kuoga na maji ya kupasha nyumba, na hilo ndilo lililonifanya niwaite. Geji ya boila yangu, inayoonyesha presha ya maji kwa bari, ilikuwa ikishuka. Nikiijaza hadi bari 1.5, baada ya siku chache nakuta imepita chini ya 1, ikikaribia 0.5 boila inajizima na nyumba nzima inapoa. Fundi wa kampuni nyingine alikuja, akaitazama, akasema ni ya kizamani, nibadilishe. Hakufungua kitu, hakufunga kitu, hakuuliza kitu. Mimi ni mhasibu. Nikiona hasara kwenye vitabu siuzi duka. Naanza kwa kuuliza imetokea kwenye akaunti ipi.

Kilichonipendeza kwanza kilitokea kwenye simu, kabla mtu hajafika. Dada aliyepokea hakukimbilia kunipangia siku. Aliniuliza: geji inashuka hata boila ikiwa imezimwa? Ikipata moto inapanda kupita 2.5? Kuna bomba dogo linalotoka nje ya ukuta karibu na boila, na je, linadondoka? Kisha akasema, "Mama, usiku kabla ya kulala funga mabomba yote, usioge, usivute maji chooni, soma mita ya maji. Asubuhi kabla hujagusa maji, isome tena."

Nikamuuliza mita inahusiana vipi na boila. Maelezo aliyonipa sijawahi kupewa na fundi yeyote. Nyumba yenye boila ya mfumo uliofungwa ina maji ya aina mbili yasiyopaswa kukutana. Yapo yanayotoka mtaani, yanapita kwenye mita na kuishia kwenye bomba, bafu na choo. Na yapo yanayozunguka kati ya boila na radieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba, yaleyale kila siku, yakijazwa mara moja na kufungiwa humo. Maji ya kundi la kwanza yakivuja, mita itasogea usiku kucha lakini geji ya boila haitajua lolote. Ya kundi la pili yakivuja, geji itashuka na mita itakaa kimya, isipokuwa kama koki ya kujazia boila imeachwa wazi au haifungi sawasawa. Mita yangu haikusogea hata tarakimu moja. Kwa kipimo hicho cha bure nusu ya nyumba ilishatoka kwenye orodha ya washukiwa.

(Kwenye nyumba zenye mfumo wa zamani, ule wenye tangi dogo darini, mambo ni tofauti. Hakuna geji ya kushuka. Tangi hujijaza lenyewe kimyakimya kwa boya lake. Huko dalili ni boya linaloingiza maji kidogo kidogo wakati hakuna anayetumia chochote.)

Fundi aliyekuja alikuwa kijana mpole mwenye masanduku mengi. Hakufungua hata moja kwa muda mrefu, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alipiga magoti chini ya boila, akaziangalia koki mbili, ya maji yanayokwenda kwenye radieta na ya yanayorudi, akazifunga zote baada ya kujaza hadi 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Sasa boila ilikuwa peke yake na mabomba ya nyumba peke yake. Geji ikiendelea kushuka, maji yanapotelea ndani ya boila. Ikisimama, kisha ikashuka koki zikifunguliwa, kosa liko kwenye nyumba. Aliniachia hali hiyo usiku kucha, boila ikiwa imezimwa, akaahidi kurudi kesho yake. Wapo watakaolalamika kwamba hilo lilihitaji safari mbili. Mimi nalihesabu kuwa sifa: jaribio la dakika chache lisingesema lolote kwa mvujo mdogo kama wangu.

Kabla hajaondoka alifunga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa lile bomba dogo la nje. Ni njia ya valvu ya usalama, ambayo hufunguka presha ikifika bari 3. Mfuko ukikutwa na maji, unajua valvu inapitisha. Lakini alinitahadharisha kwamba mara nyingi valvu hiyo haina hatia. Maji yakipashwa kutoka ubaridi hadi nyuzi 80 hutanuka kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo mfumo wa lita 100 unahitaji nafasi ya lita 3 hivi. Nafasi hiyo iko kwenye mtungi wa upanuzi, wenye utando wa mpira katikati, upande mmoja maji na upande mwingine hewa. Hewa ikiisha au mpira ukipasuka, geji hupanda kwa kasi boila ikiwaka, valvu inamwaga nje, na ikipoa geji inaonyesha upungufu. Mwenye nyumba huona kushuka tu, anadhani kuna tundu sakafuni. Fundi alibonyeza kidogo valvu ya mtungi, iliyo kama ya tairi la gari. Ilitoka hewa. Yangetoka maji, mpira ungekuwa umepasuka na hadithi yote ingeishia hapo.

Alinionyesha pia bomba la plastiki linalotoa majimaji ya mvuke wa moshi. Boila ikiwaka, kudondoka pale ni kawaida kabisa. Ikiwa imezimwa na kupoa, halafu bado linadondoka saa baada ya saa, ndipo unashuku kibadilisha joto, sehemu ya boila ambamo moto hupasha maji bila kuyagusa, kimetoboka ndani na maji ya radieta yanatorokea kwenye mfereji bila kulowesha chochote. Mvujo wa namna hiyo ndio unaowafanya watu wavunje sakafu bure. Na ukiona kinyume, geji inapanda yenyewe bila moto, basi maji ya mtaani, ambayo kwa kawaida yana presha kubwa zaidi, yanaingia kwenye mfumo, aidha kupitia koki ya kujazia au tundu kwenye kile kibadilisha joto kidogo cha maji ya kuoga.

Asubuhi mfuko ulikuwa mkavu, lile bomba la plastiki kavu, geji ya boila haijasogea. Alipofungua koki ikashuka papo hapo, mbele ya macho yangu. Nilimtaka aniandikie hilo kwenye karatasi, akaandika. Karatasi hiyo peke yake ilitosha kulipia huduma.

Baada ya hapo masanduku yakafunguliwa, na hapa maoni yangu yamechanganyika. Kamera ya joto ni kitu cha kuvutia wageni. Unaona njia za mabomba ziking'aa chini ya sakafu, rangi tupu. Lakini bomba lisilo na kosa lililo karibu na uso wa sakafu hung'aa kama linalovuja, na ukweli ni kwamba picha ilitupa maeneo matatu ya kushuku, likiwemo moja ambalo lilikuwa tu kona ya bomba iliyopanda juu zaidi. Kipima unyevu nacho kilipiga kelele karibu na bafu, kumbe ni maji ya kuoga yaliyopenya kwenye maungio ya vigae. Fundi mwenyewe hakuyumba. Alisema vyombo hivyo vinampa pa kuanzia tu.

Kilichomaliza ubishi ni gesi. Alitoa sehemu ya maji kwenye mfumo, akaingiza mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95. Kwa kiwango hicho haidrojeni haiwaki, na kwa kuwa molekuli zake ni ndogo mno hupenya kwenye tundu, kwenye zege na hata kwenye maungio ya vigae hadi juu. Akatembea na kifaa cha kunusa, polepole, akirudi nyuma mara kwa mara. Kilinyamaza kabisa bafuni. Kilinyamaza kwenye kona iliyong'aa kwenye kamera. Kikaanza kulia kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, mahali pakavu kama unga, ambapo hakuna hata mmoja wetu angeweka kidole.

Vigae viwili viling'olewa. Chini yake kulikuwa na kiwiko cha shaba kilicholazwa moja kwa moja kwenye saruji bila kifuniko chochote, kimeota kijani, na tundu dogo linalotoa jasho tu. Maji yalikuwa yanazama chini, na machache yaliyobaki yalikaushwa na joto la bomba lenyewe. Ndiyo maana hapakuwa na doa wala harufu.

Yale ya kulalamikia sasa. Hakuna aliyeniambia kwenye simu kwamba wao hutafuta tu: kukata bomba, kuunga jipya na kurudisha vigae ni kazi ya mtu mwingine unayemtafuta mwenyewe. Nilibaki na shimo kizingitini na nyumba baridi. Ripoti yao imejaa picha za kamera zisizo na maelezo, wakati jaribio la koki, ambalo ndilo ushahidi, limepewa mstari mmoja mwishoni. Na hawakugusia dawa ya kuzuia kutu hadi nilipouliza, ilhali kila ujazaji wa maji mapya huingiza oksijeni inayokula chuma cha radieta na kuacha tope jeusi. Mtu aliyejaza mara kwa mara kama mimi anahitaji kuambiwa hilo bila kuuliza.

Niliwauliza kuhusu zile chupa za dawa ya kuziba matundu unayomimina kwenye mfumo. Jibu la fundi: "Mama, kinachoziba tundu la bomba hakijui tofauti na njia nyembamba za ndani ya boila." Nakubaliana naye, hasa kwa aliyeambiwa boila yake ni nzima.

Koki za chini ya boila mwenye nyumba anaweza kuzifunga na kuzifungua mwenyewe, mradi ziko nje ya kasha, hazijashikana kwa kutu na boila imezimwa. Kasha lenyewe usilifungue. Hapo kuna gesi na moshi wenye sumu, na panataka fundi mwenye leseni. Kama mita yako ndiyo inayozunguka usiku huku geji imetulia, waambie hivyo unapopiga simu, kwa sababu bomba lenye presha ya mtaani wao huanza kwa kulisikiliza na kipaza sauti cha sakafuni, na anayekuja ni fundi mwingine mwenye masanduku mengine.