Magurudumu ya baiskeli ya barabarani: uliza kwanza nipeli ni za nini

Ilikuwa "ting!" moja tu, kama kijiko kimegonga glasi. Nilikuwa nateremka taratibu, sikujali. Baada ya muda rimu ya nyuma ikaanza kusugua breki kila mzunguko, fyuu, fyuu, na nikajua kuna spoku imekatika. Nikashuka, nikasukuma.

Fundi akaipokea, akaitazama, akacheka kile kicheko cha mafundi ambacho mteja hakipendi. "Dada, spoku yako nzima." Akanipa mkononi. Kweli, imenyooka, meno yake ya kukazia yote yapo. Kilichokatika ni nipeli, ile nati ndogo inayoishika spoku kwenye rimu. Akachukua spana ya spoku ili anyooshe gurudumu kwa zilizobaki, na alipogusa ya pili ikamomonyoka kama chaki. Ya tatu vilevile. Alipofika ya sita akaweka spana chini. "Nikiendelea utalia."

Magurudumu yale yalikuwa na miaka miwili. Rimu nzima, habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, inazunguka vizuri, spoku zote nzima. Yamekufa kwa kipande ambacho ukikidondosha sakafuni hukioni. Gharama ya kuyafumua na kuyasuka upya ilinitosha kuanza kutafuta mengine, na ndipo nilipogundua kwamba matangazo niliyokutana nayo hayaandiki nipeli ni za madini gani. Uzito wataandika hadi gramu ya mwisho. Nipeli, kimya.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia kukata upepo, wala uzuri wa stika, wala eti gurudumu jepesi linapanda mlima lenyewe. Hayo yameandikwa mno. Ninapanga magurudumu kwa swali moja: likiharibika, je, linatengenezeka? Na swali hilo linaanzia kwenye nipeli.

Hiki ndicho wauzaji walichokuficha

Nipeli zinatengenezwa kwa brasi, ile shaba ya manjano, au kwa alumini. Ya brasi ina uzito wa karibu gramu 1. Ya alumini ni kama theluthi ya hapo. Chukua seti yenye spoku 48: unaokoa gramu zipatazo 30. Meza funda moja la maji kwenye chupa yako kabla ya kuondoka, umeshazitoa hizo gramu.

Unacholipia kwa akiba hiyo ni hiki. Spoku karibu zote nzuri ni za chuma kisichoshika kutu. Ukikutanisha chuma hicho na alumini, ukatia unyevu wenye chumvi, umetengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Mvua, matope, jasho linalodondoka ukiwa umeinama, vyote vinafanya kazi hiyo. Rimu ikiwa ya kaboni mambo ni mabaya zaidi, maana kaboni nayo huila alumini iliyoigusa. Na wale wanaotumia tairi zisizo na tyubu wajue kwamba baadhi ya maji ya kuziba pancha yana amonia. Tepu ya rimu, ile inayoziba matundu ya nipeli upande wa tairi, ikivuja kidogo tu, yale maji yanakwenda kukaa palepale nipeli zilipo.

Huoni kitu kwa nje. Alumini haitoi kutu nyekundu ya kukushtua. Inatoa unga mweupe, tena ndani ya rimu, chini ya tepu, mahali ambapo hujawahi kuchungulia. Siku ukihitaji kukaza spoku moja ndipo unapata habari.

Mtu ataniambia kwamba spoku nazo hukatika. Ni kweli, hasa pale zinapopinda kuingia kwenye habu, na hasa gurudumu la nyuma. Tairi la milimita 25 kwenye rimu ya saizi ya 700 lina mzunguko wa takriban mita 2.1, yaani kilomita moja ni mizunguko kama 475. Kilomita 10,000 ni zaidi ya milioni 4.7. Kila mzunguko, spoku inayofika chini inalegea kidogo na kukaza tena. Ikiwa ilikazwa vizuri tangu mwanzo, inavumilia. Ikiwa ililegezwa, inachezeshwa hadi inachoka. Sasa unganisha mambo mawili hayo: gurudumu linahitaji kukazwa ili lidumu, na nipeli iliyolika haikazwi. Inavunjika. Ukiogopa kuigusa, spoku inabaki legevu, nayo inakatika. Ndiyo maana nasema ugonjwa ni mmoja.

Namna ya kutambua dukani: sumaku haisaidii, haishiki brasi wala alumini. Nipeli za rangirangi, nyekundu, bluu, dhahabu inayong'aa, karibu zote ni alumini. Za fedha au nyeusi zinaweza kuwa zozote. Kama ni magurudumu yaliyotumika na mwenyewe amekubali, kwaruza moja kidogo kwa ncha ya kisu. Ukiona manjano chini ya rangi, ni brasi, lipa. Kisha kuna zile zilizofichwa kabisa ndani ya rimu, usione chochote kwa nje. Zinapendeza. Kuzikaza lazima uvue tairi, uvue tyubu, ubandue tepu, unyooshe, ubandike tepu upya. Mimi sinunui, hata kwa zawadi.

1. Habu za DT Swiss 350, spoku 28 au 32, rimu ya alumini, nipeli za brasi, lisukwe kwa mkono

Sijifichi, hawa ndio wangu. Asili yao ni kiwanda cha kuvuta waya huko Biel, Uswisi, na spoku ni nini kama si waya? Spoku zao za Competition ni milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Wengi hudhani iliyokonda katikati ni dhaifu. Ni kinyume: ule wembamba unaifanya ivutike kidogo, hailegei kabisa inapofika chini, kwa hiyo haichoki upesi. Sapim wa Ubelgiji wana Race, vipimo vilevile, na ukizipata hizo usisite.

Habu ya 350 ndani yake ina pete mbili za meno zinazotazamana, zikisukumwa na springi. Hakuna vijino vidogovidogo vya kupotea. Unavuta kifuniko kwa mkono, unavuta mwili unaobeba kaseti, yaani gia za nyuma, unafuta, unapaka grisi kidogo, unarudisha. Nimeifanya kazi hiyo mezani huku nikiongea na simu.

Kasoro nitaisema pia. Hata DT Swiss wenyewe huweka nipeli za alumini kwenye baadhi ya seti zao za kiwandani za bei ya juu. Nawapenda, lakini hapo sikubaliani nao. Ndiyo maana nimesema lisukwe kwa mkono: unamwambia fundi aweke brasi, apake grisi au mafuta kwenye meno ya spoku kabla ya kukaza, na akimaliza azibane spoku mbilimbili kwa mkono zitulie. Gurudumu jipya likikupigia ting-ting mita za kwanza, ujue zilijisokota wakati wa kukazwa na sasa zinajifungua. Mrudishie alitazame tena.

Kwa nini 32 wakati kila mtu anauza 20? Kwa sababu ikikatika moja kati ya 32, unafungua breki kidogo unafika nyumbani. Ikikatika moja kati ya 20, gurudumu linapinda hadi linagusa fremu, unasukuma. Nimeshasukuma, inatosha.

2. Habu za Shimano za kawaida, spoku 32, nipeli za brasi

Kama 350 imekushinda bei, njoo hapa wala usione aibu. Shimano wamebaki na gololi zinazobanwa kati ya koni na kikombe wakati wengi wamehamia beringi za kusukumiza, zinazobadilishwa nzima. Faida yake ni kwamba unazifungua, unaosha, unaweka gololi mpya na grisi mpya, unarudisha. Hasara yake ni ukiwa mvivu. Ukiacha ikauka, gololi huchimba, na ingawa koni inabadilishwa, kikombe kimo ndani ya mwili wa habu yenyewe. Kikichimbika, habu imekwisha. Zungusha ekseli kwa vidole: ukihisi mchangamchanga, usingoje wiki ijayo.

3. Campagnolo Zonda na Fulcrum Racing 3

Haya husukwa kiwandani, ila pana akili. Zonda ya breki za rimu haina matundu upande wa tairi, basi hakuna tepu ya kuvuja. Nipeli hupitishwa kwenye tundu la valvu na kuongozwa kwa sumaku hadi mahali pake, kwa kufungiwa kipande cha chuma. Mara ya kwanza kuona nilidhani ni mazingaombwe. Lakini spoku ni zao wenyewe, za Zonda zimepangwa tatutatu kwa nyuma, na fundi wa kawaida hana akiba yake. Nunua spoku za spea na nipeli zake siku ileile unayonunua magurudumu. Zikifungiwa chumbani miaka mitano bila kuhitajika, vizuri.

Mavic nawaweka hapa chini kidogo kwa sababu hiyohiyo. Rimu zao za Open Pro zimesukwa na mafundi wasiohesabika na nazikubali. Ila baadhi ya magurudumu yao ya Ksyrium yana spoku nene za alumini zinazotaka spana yake maalumu, na mwaka 2020 kampuni yenyewe ilifika mahakamani Ufaransa kabla ya kupata mnunuzi. Ilipona. Lakini mtu mwenye gurudumu lenye spoku ambayo haitengenezwi na mwingine yeyote, sijui alilalaje miezi ile.

4. Rimu za kaboni

Kama unashindana, endelea. Kama una breki za rimu na unapenda miteremko mirefu, joto la breki ni adui wa kaboni, tafuta alumini. Kama rimu haina ndoano za kushika tairi, usizidishe shinikizo la bari 5 na utumie tairi lililoidhinishwa kwa rimu hiyo. Na sehemu ambayo kaboni inakula nipeli kuliko kwingine kote ndiyo wauzaji wanaweka alumini ili kuokoa gramu 30. Naona kizunguzungu.

Za bei ya chini kabisa? Chagua zenye spoku 32 na nipeli za brasi, na kwa bahati nzuri nyingi zinazo, maana brasi ndiyo nafuu. Mpelekee fundi azikaze kabla hujazipanda.

Soma tena sentensi hiyo. Brasi ndiyo nafuu. Mnunuzi wa chini anapewa kipande kinachodumu, mnunuzi wa juu anatozwa zaidi ili apewe kinachooza. Nilipomrudia aliyeniuzia yale yangu aliniambia dhamana haihusu "uchakavu wa kawaida" wala kulika. Nikamwomba basi aniuzie nipeli za brasi. Akasema hauzi vipande, anauza seti. Nikauliza spoku za spea. Zinaagizwa, akasema, kwa uso wa mtu ambaye hataagiza.

Siku hizi nawaandikia kabla. Ujumbe wangu ni mfupi: spoku ngapi, ndefu kiasi gani, je zinapatikana mojamoja, nipeli ni za nini. Wengi hawajibu. Mmoja wiki iliyopita alijibu upesi mno, nikafurahi, nikafungua.

"Nipeli ni nyeusi, dada. Zinaenda na kila fremu."