Deco M4, vidude vya kusambaza waifai, kwenye gesti yetu Moshi: miezi minane nazo, haya ndo niliyoyaona

Gesti yetu ipo Rau, vyumba tisa, vitano nyumba kubwa na vinne banda la uani, na wageni wetu wengi ni wa mlima. Mtu akishuka geti la Mweka, hata hajaoga, anauliza pasiwedi. Siku sita saba hajaongea na kwao vizuri, ana mapicha ya kilele cha Uhuru anataka kuyatuma, halafu wewe unampa chumba namba 8 huko nyuma waifai haifiki, utamwambia nini? Tulikuwa na rauta moja ya faiba pale mapokezi na ripita mbili, yani vidude vya kuirusha waifai mbele, kila ripita na jina lake, mgeni akitoka uani kuja kunywa chai simu inang'ang'ania jina la kule kule mpaka aitoe mwenyewe aweke jingine, na spidi ikawa inadondoka mpaka unamwonea huruma.

Ndo nikachukua TP-Link Deco M4, boksi lenye tatu ndani, zinapokezana waifai kwa jina moja nyumba nzima. Ni vidude vyeupe vya duara vinasimama kama chupa ndogo ya chai, kila kimoja kina matundu mawili ya waya nyuma, yote gigabiti. Bei sitaji maana duka na duka zinapishana sana, zunguka mjini kwanza. Kuziwasha ni rahisi kweli, unaweka apu kwenye simu, ya kwanza unaichomeka kwenye rauta ya faiba, taa inapiga bluu, ukimaliza inakuwa kijani, ya pili na ya tatu unaziongeza tu zinachukua jina na pasiwedi ileile. Nusu saa haikuisha.

Ila aisee, kazi yenyewe ni wapi unaziweka, na hapo ndo nataka tuelewane. Fundi tuliyemwita alizipanga kwa hesabu ya taa ya umeme, yani penye giza weka taa. Ya tatu akaipeleka mwisho kabisa wa banda, juu ya friji, pale pale ambapo waifai ilikuwa haifiki. Wageni wakawa wanakuja na simu mkononi, mistari imejaa yote, intaneti haisogei. Sasa ile kitu haina kisima chake jamani, inateka kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa nyumba kubwa, katikati kuna kuta mbili za bloku na simtanki la lita 2000 limejaa maji, na maji yanameza mawimbi vibaya sana, na chini yake hilo friji nalo bati tupu.

Jioni moja nikachukua ekstensheni nikawa nahama nayo, naweka hapa napima, naweka pale napima. Kwenye friji nilikuwa napata Mb 4 kwa sekunde. Nikaisogeza mpaka dirisha la chumba namba 6, linalotazamana na mlango wa jikoni ambako ile ya pili ipo, simtanki likabaki pembeni. Mb 31. Hatua kama kumi tu! Kwa hiyo usiiweke ambako waifai imekufa, iweke nusu njia, sehemu ambayo bado inapata vizuri, yenyewe ndo itasukuma mbele.

Kitu kingine, kompyuta ya mapokezi ilikuwa haiioni printa. Kumbe fundi aliziacha kama rauta wakati rauta ya faiba nayo ipo, rauta mbili kila moja inagawa anwani zake, printa iko upande huu kompyuta upande ule. Ukiingia kwenye apu, setingi za ndani, unazigeuza ziwe aksesi pointi, yani zisambaze waifai tu na kugawa anwani ibaki kwa rauta ya faiba, zinajiwasha upya, basi. Ukifanya hivyo mambo kama kumwekea mtoto mipaka ya intaneti kwenye deco yanapotea, mi sikuyahitaji.

Halafu waya. Hizi M4 zina bendi mbili tu, yani njia mbili za mawimbi, ile ya GHz 2.4 inayopenya ukuta ila taratibu na ile ya 5 yenye kasi ila ukuta unaishinda, na bendi hizohizo wageni wanatumia na deco zenyewe zinaongea kwa hizohizo. Intaneti ikiruka hewani mara mbili, deco hadi deco, spidi inakatwa sana. Mwezi wa tatu tukachimba, tukapitisha waya wa mtandao wa Kati 6 mita 35 ndani ya bomba la plastiki mpaka banda la uani, ukichomeka inajua yenyewe hamna setingi. Chumba namba 8 kikapanda Mb 47 na kifurushi chetu ni cha 50. Ukinunua waya kwangua ncha uangalie, kama ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, rudisha. Na kama unajenga sa hivi nakuomba sana pitisha mabomba kabla ya lipu, sisi tumekatakata sakafu ya watu.

Umeme ukikatika kila moja inazimika kwenye soketi yake. Nimeweka UPS ndogo, yani betri za akiba, za volti 12 kwenye rauta ya faiba na deco ya mapokezi, soma ampea kwenye adapta kabla hujanunua. Jenereta ikiwaka zile nyingine zinarudi zenyewe baada ya dakika mbili tatu.

Nazipa nne kati ya tano. Bustanini kule kwenye mparachichi bado haifiki, na hizi si za kukaa nje mvua izipige, kwa hiyo mwezi ujao naongeza ya nne dirisha la jikoni, waya tayari nimeshauacha pale.