Raskazone mpaka kwenye reli: ziara ya uwanja wa vita wa Tanga inavyofaa kufanywa

Anayekwenda Tanga kuona waliposhuka Waingereza mwaka 1914, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, akitegemea kukuta lango, tiketi na vibao vya maelezo, atarudi amenuna. Raskazone ni mtaa wa makazi: nyumba kubwa zenye miti mikubwa, hoteli za ufukweni, klabu ya kuogelea. Vita ilipiganwa papo hapo, kati ya ncha ya rasi na mji, na aliyekuja kuiona lazima aisome kwenye ardhi. Ardhi hiyo inasomeka vizuri ajabu. Kwa mtu anayejua pa kuanzia na saa ya kuanza, hii ni ziara bora ya nusu siku. Kinachoiharibu ni kuianza kinyume, yaani kutoka mjini, saa sita mchana, kwa bajaji.

Kwanza jina. Vitabu na ramani za zamani huandika Ras Kasone, wenyeji huandika Raskazone. Ukitafuta kwa simu tumia la pili, la sivyo ramani inaweza kukuzungusha.

Yaliyotokea, kwa ufupi wa kutosha kutembea nayo: tarehe 2 Novemba 1914 manowari HMS Fox iliingia bandarini kumjulisha mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamevunjwa. Nyuma ya manowari hiyo zilikuwa zinakuja meli 14 kutoka Bombay, zimebeba watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, wengi wao wakiwa wanajeshi wa Kihindi. Auracher akavuta muda. Muda huo ulimtosha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kuteremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 Waingereza walishambulia mji kwa nguvu zote, tarehe 5 wakapanda meli na kuondoka, wameacha bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki za kawaida na risasi kama 600,000. Waliowashinda walikuwa watu kama 1,000. Wa-Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Jenerali Aitken alijikawiza kidogo tu.

Sasa maji, maana ndiyo ufunguo wa asubuhi yote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa kabisa mnamo saa kumi na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku vilevile. Matishari ya kushushia watu yalianza kuelekea ufukweni kama saa nne ya usiku. Mvuvi yeyote wa Tanga angewaambia watakachokikuta: maji yamekimbia, kumebaki tope, mizizi ya mikoko, na nyuma ya mikoko mwinuko mkali wa kupanda gizani na mzigo mgongoni. Watu ambao wamekaa wiki kadhaa kwenye meli zilizojaa, wengi wakiwa wamechoshwa na bahari, ndio waliotakiwa kufanya hivyo.

Kwa hiyo panga ziara yako siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, au siku mbili baada yake, na uwe kwenye ncha ya rasi saa tatu na nusu asubuhi. Kila siku inayopita, maji huchelewa kama dakika hamsini. Ukifika siku ya nne baada ya bamvua, kupwa kutakuwa kumesogea mpaka mchana wa jua kali, na siku za maji mafu huoni chochote cha maana kwa sababu bahari haiendi mbali. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu. Hapo ndipo utakapoona ufukwe ulivyokuwa mbaya kwa kazi ile, jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha.

Njia za kushukia baharini si nyingi, kwani sehemu kubwa ya ufukwe iko nyuma ya kuta za watu. Rahisi zaidi ni kupitia klabu au hoteli ya ufukweni, ambako hutozwa kiingilio, na mara nyingi asubuhi mapema mlinzi ndiye mwenye uamuzi. Mwambie unataka kutazama pwani tu, si kuogelea. Usiingie kwenye mikoko na kandambili: tope huivua na kuimeza, na kome waliokaa kwenye mizizi hukata nyayo kama wembe. Viatu vya raba vya zamani vyenye kamba ndivyo vinavyofaa. Simama ukingoni, geuka uipe bahari mgongo, utazame mwinuko. Dakika kumi hapo zinatosha.

Kutoka hapo tembea kuelekea mjini kwa barabara inayopita hospitali ya Bombo, ghuba ikiwa mkono wako wa kulia. Ni kama kilomita tatu, saa moja kwa mwendo wa kawaida. Usipande chochote. Mwaka 1914 eneo hili lilikuwa mashamba ya mpira, minazi na mahindi, na wanajeshi walipotea humo wakashindwa kuonana kikosi na kikosi. Leo ni kuta na miembe, lakini jambo moja limebaki: kutoka rasi huuoni mji. Unatembea, unatembea, mji hautokei. Aitken hakutuma wapelelezi wa kutosha kutangulia, na kwa miguu yako utaelewa gharama yake.

Mkono wako wa kushoto, yaani kusini, ndiko shambulio la mwisho la von Lettow-Vorbeck lilikopita kuzunguka ubavu wa Waingereza mchana wa tarehe 4 na kuwaponda 101st Grenadiers, kikosi cha Kihindi. Upande wa kulia, karibu na ghuba, kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire na wanajeshi wa Kashmir walifaulu kuvuka na kuingia mitaani kabla ya kusukumwa nje. Hapa katikati ndipo nyuki walipotokea. Mizinga ya magogo ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaitikisa, nyuki wakawashukia watu wa pande zote mbili. Magazeti ya Uingereza yalidai ni mtego wa Wajerumani, haukuwa mtego. Kiswahili kina neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha, na siku ile Tanga ilitumia maana zote mbili.

Hospitali ya Bombo ina jengo la kale la Kijerumani linalotazama bahari. Litazame kutoka nje. Ni hospitali inayofanya kazi, kuna wagonjwa, na kamera hapo inaleta ugomvi wa haki kabisa. Bandarini pia usipige picha za mageti wala za askari wa ulinzi.

Ziara inafika mwisho wake wa kweli kwenye reli. Ukingoni mwa mji upande wa mashariki njia ya treni ilichimbwa chini ya usawa wa ardhi, na handaki hilo la bure ndilo lililokuwa mstari wa ulinzi wa Wajerumani. Ukisimama upande wa rasi utaona kwa nini: anayekuja yuko wazi, anayengoja amefichwa mpaka kifuani. Waliouawa upande wa Waingereza walikuwa kama 360, mbali na majeruhi. Usiku wa kuamkia vita kubwa, von Lettow-Vorbeck alikagua mitaa hii kwa baiskeli, na kwa mji ambao mpaka leo unajulikana kwa baiskeli zake, kukodi moja kwa ajili ya kurudi si wazo baya.

Maeneo ya makaburi ya kutafuta ni mawili. Sakarani ndiko walikolazwa Wajerumani pamoja na askari wao wa Kiafrika. Ya Waingereza na Wahindi yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola na yanaitwa Tanga (Jasin) Memorial Cemetery. Neno Jasin hupoteza watu: limetokana na mapigano ya Januari 1915 karibu na mpaka wa Kenya, lakini makaburi yenyewe yako Tanga mjini. Madereva wengi wa bajaji hawayajui kwa jina la Kiingereza, kwa hiyo pakua ramani kwenye tovuti ya Tume kabla hujaondoka nyumbani. Majina ya wapagazi waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki usitarajie kuyakuta. Ripoti ya Tume yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu hao kwa sehemu kubwa hawakukumbukwa kwa majina.

Makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani, yafaa yaje baada ya matembezi. Picha zake za Tanga ya zamani zinasema zaidi kwa mtu aliyekwisha kuitembea ardhi. Hapo pia ndipo pa kuulizia mtu wa kukuongoza, ingawa kwa njia hii niliyoeleza huhitaji.

Ya jirani: mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kutoka mjini, njia ya Mombasa. Ni mazuri, na hayana uhusiano na vita hii. Nenda na tochi yako, suruali ya kuchafuka na viatu visivyoteleza, kwa sababu kuna mahali pa kuinama na mahali pa kutambaa, na popo wengi. Wakati wa masika ulizia kwanza, mto Mkulumuzi uko jirani. Mwongozaji atakuambia pango linatokea Mombasa. Utafiti wa 1994 haukuona lolote lenye urefu wa hata kilomita moja. Msikilize tu, anasimulia vizuri. Magofu ya Tongoni, kusini njia ya Pangani, nayaweka juu ya Amboni: msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo, na karibu na hapo mwaka 1498 meli mojawapo ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mchangani. Naye hakuwa amewauliza wavuvi.

Kufika: kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera. Mabasi huishia stendi ya Kange, nje ya mji, kwa hiyo weka nauli ya daladala au bajaji kando. Ukitoka Mombasa unavuka Lungalunga na Horohoro. Aliyefika jioni alale, aanze rasi asubuhi. Aliye na siku moja tu aache Amboni.

Kisiwa cha Toten, kilicho mbele ya mji, kina magofu ya misikiti na makaburi yaliyomezwa na vichaka. Mashua hukodiwa kwa wavuvi: mkubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja, ulipe nusu, udai jaketi la kuokolea, na uvae suruali ndefu kwa ajili ya miiba. Siku ya bamvua ondoka mjini saa nane mchana, maji yakiwa yanajaa, na uwe umepanda mashua ya kurudi kabla ya saa kumi na moja. Ukichelewa, mashua itakaa kwenye tope, nawe utamaliza safari kwa miguu kama wale wa 1914.