Bushi za poli kwenye amu za mbele za Altezza: nimezifunga, haya ndo maoni yangu

Wakuu, mnaoulizia bushi za poliuretheni (poli, plastiki ngumu inayowekwa badala ya mpira) kwa Toyota Altezza, mi nimezifunga kwenye amu za chini za mbele, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, na nimeshazitembelea vya kutosha, hapa Dodoma mjini na safari ya Iringa pia. Jibu la haraka: usukani umerudi. Ila kama unataka gari la kukubembeleza kama Crown basi usijisumbue, hela yako kanunulie tairi.

Gari ni RS200, ile yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono, chesisi SXE10. Altezza zilitoka 1998 zikaishia 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ishapita miaka 20 na mpira wa bushi unakauka na kupasuka hata gari likiwa limepaki tu, sembuse huku kwetu kwenye jua na vumbi hili. Dalili ni zile zile mnazozijua, ukishika breki usukani unachagua upande, ukipita kwenye rasta (vituta vidogo vya barabarani) unasikia ko-ko-ko chini ya miguu, halafu tairi za mbele zinalika kwa ndani hata kama alaimenti umetoka kufanya juzi. Hapo wengi wanakimbilia shokapu. Za kwangu zilikuwa nzima kabisa, fundi alipoingiza mtaimbo kati ya amu na chesisi akasukuma, bushi ya nyuma ikacheza mpaka unaiona kwa macho, mpira ushaachana na chuma.

Kwa asiyejua, amu ya chini inashikana na chesisi kwa bushi mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma ndo inateseka zaidi kwenye breki, maana tairi linataka kurudi nyuma na bushi ndo inalizuia. Ikishalegea tairi linarudi kidogo, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) inabadilika hapo hapo, na kwa kuwa tairi mbili hazirudi sawa ndo unaona gari linavuta. Poli ni ngumu kuliko mpira kwa hiyo amu inabaki pale ilipowekwa. Hamna uchawi mwingine.

Kuhusu kununua, Kariakoo za mpira zipo kwa bei ya kawaida na ukipata orijino sio mbaya hata kidogo. Nisichokielewa ni mtu kununua amu nzima ya mtumba ili akwepe kazi ya bushi, bushi za hiyo amu si zina umri ule ule wa gari lako? Umehamisha ugonjwa tu. Mi niliagiza poli nje, mpaka inanifikia ilikula laki 6 na ushee, inauma. Kampuni sitaji maana sijalipwa tangazo, ila wanaojulikana sana kwenye hizi kazi ni Powerflex wa Uingereza na SuperPro na Whiteline wa Australia. Unapoagiza angalia ugumu, za barabarani huwa zinacheza kwenye 80 hivi kwa kipimo cha Shore A, za mashindano zinafika 95, na hizo za 95 ukizifunga utahesabu kila jiwe kutoka Nzuguni mpaka mjini.

Sasa kazi yenyewe ndo iko kwenye kufunga. Fundi wa kwanza niliyemfuata, mtaa siutaji, alivyoona tu akasema "bosi hii tunaichoma na gesi mpira unatoka wenyewe, tunagonga na nyundo". Nikamshukuru nikaondoka. Tafuta gereji yenye presi, mashine ya kukandamiza bushi itoke na kuingia, na kabla hajalegeza kitu mwambie aweke alama kwenye zile bolti za kurekebishia kemba (tairi kulala ndani au nje) na kasta, asipoweka utatoka gereji gari linatembea upande upande. Bushi ya poli inakuja vipande viwili na bomba la chuma la katikati, na lile bomba linazunguka ndani ya bushi, kwa hiyo lazima lipakwe grisi iliyokuja nayo kwenye paketi. Fundi akitaka kupaka ile ya beringi mkatalie, grisi za mafuta ya kawaida sio rafiki wa poli. Na wewe unayefunga za mpira sikiliza hii, bolti zikazwe mwisho wakati gari limekaa chini kwenye tairi zake, sio likiwa juu ya jeki, maana ile bushi imegundishwa, ukiikaza amu ikiwa inaning'inia inabaki imejikunja muda wote na itachanika mapema. Nahisi nusu ya bushi zinazoitwa feki hapa mjini zinauawa hivi hivi.

Matokeo. Breki sasa gari linasimama limenyooka, usukani ule wa kutafuta tafuta katikati haupo. Nilikuja kuelewa vizuri njia ya Iringa, ukishavuka Mtera ukaanza kupanda Nyang'oro zile kona zinafuatana, unakata usukani na pua inaingia muda ule ule, haisubiri. Na sijakimbiza, tochi zinatosha.

Ubaya upo. Mtetemo wa lami mbovu unaufikia usukani zaidi ya zamani, sio wa kukera ila upo. Halafu kelele, baada ya muda upande wa abiria ulianza kulia kwikwi kwikwi kila nikipanda tuta, vumbi la kiangazi la hapa likishaingia kwenye grisi ndo hivo, ikabidi ifunguliwe isafishwe ipakwe upya. Ukiishi mtaa wenye lami hutaisikia mapema, ukiishi Nala ndani huko jiandae.

Usukani naupa 9 kwa 10, ukimya 6, bei 5. Anayeendesha familia kila siku afunge za mpira orijino, atafurahi. Na kabla ya yote kagua bolijointi za chini, ile jointi ya duara inayoshika tairi kwenye amu, hiyo ikichomoka tairi linalala na hamna bushi ya kukuokoa. Amu za juu mi nimeacha mpira wake wa zamani, haujalegea, sioni sababu ya kugusa.